Sinki la Chumba cha Maziwa

Mwili wa Daktari Ramila ulichomwa moto Jumanne asubuhi, kwa desturi ya Kihindu, na kufikia saa sita mchana tulikuwa tumeketi ukumbini, viatu tumeviacha mlangoni, tukimsikiliza mpwa wake akieleza jinsi shangazi yake alivyopenda ukweli na usafi. Alisema mama huyu alitumia maisha yake kuchunguza bakteria wa jamii moja, Enterobacter, katika hospitali, mashambani na viwandani, na kwamba wapo watu wanaotembea leo Nairobi kwa sababu yake. Hilo si uongo. Kando yangu alikuwa ameketi Jaspal Singh, fundi wa mabomba, ambaye sasa ni mzee wa ndevu nyeupe anayetembelea mkongojo. Ndiye aliyenitumia ujumbe wa msiba. Mpwa alipofika pale pa kusema kwamba shangazi yake ndiye aliyeling'oa sinki lililokuwa likiua watoto wachanga, Jaspal alinigusa bega. "Sikia," akaninong'oneza. "Mimi leo nimekuwa Ramila." Sikucheka. Nilikuwa nimeshika sahani ya wali na dengu, na harufu ya mwaka ule wa sinki ikanijia ghafla, nikaiweka sahani chini, nikatoka nje kusimama juani. Nina miaka arobaini na saba. Nafundisha kazi za maabara katika chuo kimoja hapa mjini, na kila mwaka nawaeleza wanafunzi habari za masinki bila kuwaambia nilizijulia wapi.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne nilipoajiriwa naye. Maabara yake ilikuwa nyuma ya nyumba yake Spring Valley, katika gereji iliyogawanywa vyumba vitatu. Nje palikuwa na nyasi zilizokatwa vizuri na waridi alizozipogoa mwenyewe kila Jumapili. Ndani palikuwa na uvundo. Ulikuwa uvundo wa kipekee, uliochanganya ukali wa dawa ya kuulia viini na kitu kingine kitamutamu kilichooza, na ulishika nywele, sidiria na mikanda ya saa. Chumba cha kwanza kilikuwa cha shamba. Mahindi yalipandwa ndani ya mikebe, mizizi yake ikiwa imelowekwa kwenye supu ya Enterobacter waliotolewa udongoni, kwa sababu aina fulani ya bakteria hao hukaa mizizini na kuusaidia mmea kukua. Chumba cha pili kilikuwa cha viwanda. Kiwanda kimoja cha maji ya matunda kilituletea pakiti zilizovimba kama matumbo ya mizoga, na kazi yangu ilikuwa kuzitoboa, kuruka nyuma, kisha kumimina ule uzi wa ute wa rangi ya embe ndani ya chupa. Chumba cha tatu kilikuwa cha hospitali: damu, mikojo, usaha. Bakteria walikuwa wa jamii ileile katika vyumba vyote vitatu. Wakioteshwa kwenye sahani zetu za maabara walitoa vidonge vya rangi ya waridi vinavyong'aa, vilivyojaa maji, na ukikigusa kidonge kwa waya kisha ukainua mkono, ute ulivutika kama kamasi. "Hawa si wabaya, Nekesa," Daktari aliniambia wiki ya kwanza, akiinua sahani kwenye mwanga wa dirisha. "Mahali ndiyo inaweza kuwa mbaya. Kwa mahindi huyu ni rafiki. Kwa damu ya mtoto ni mwizi." Nilimpenda kwa maneno hayo. Hakuna mtu aliyewahi kunifundisha kwa subira kama ile, na ndiyo sababu nilikwenda kumuaga.

Nilikaa Kileleshwa na binamu yangu Selina, aliyekuwa msaidizi wa nyumba katika fleti moja pale. Tulilala chumba kimoja cha wafanyakazi nyuma ya jengo, kitanda kimoja, jiko moja la mafuta. Kila jioni nilipoingia Selina alifungua dirisha kabla hajanisalimia. "Kwanza oga," alisema. "Halafu tutaongea kama ndugu." Alipika mrenda mara mbili kwa wiki, mrenda wa nyumbani kabisa, wenye magadi, unaoteleza ukiinuliwa na ugali. Nilikulia kwenye mboga hiyo. Kufikia mwezi wa tatu nilikuwa siwezi kuitazama. Nilikaa na ugali mkavu na chumvi, nikimwona Selina akivuta ule uzi wa kijani mpaka midomoni, na nililazimika kugeukia ukutani. "Wewe umeanza kuwa na maringo," alisema. Hayakuwa maringo. Nilikuwa nimeanza kuona kila kinachoteleza kuwa kitu kinachoishi.

Damu ya kwanza ya mtoto mchanga ililetwa siku ya Jumatatu, kutoka hospitali moja ya binafsi isiyo mbali na Westlands, ambayo wamiliki wake ndio waliosaidia kugharimia utafiti wetu wa mahindi. Wiki hiyo ikaja ya pili. Iliyofuata ikaja ya tatu. Zote zilitoka wodi ya watoto waliozaliwa kabla ya siku zao, na zote ziliotesha vidonge vya waridi vyenye ute, vinavyohimili dawa zilezile na kuuawa na zilezile. Daktari alizipanga sahani tatu mezani, akazilinganisha moja baada ya nyingine. "Hii si bahati mbaya," akasema. "Kuna mahali wanakula." Tulikwenda naye kesho yake, mimi nimebeba sanduku la vijiti vya pamba. Tulipangusa vitanda, mashine za kupashia joto, mikono ya wauguzi, simu ya mezani, hata chupa ya sabuni. Mwisho Sista Agneta, mkuu wa wodi, mama mnene aliyezungumza kwa sauti ya chini, akatupeleka chumba cha maziwa.

Kilikuwa stoo ya mafagio hapo awali. Hakikuwa na dirisha. Chumba cha maziwa cha zamani, chenye jua na meza ndefu, kilikuwa kimechukuliwa kuwa sehemu ya mapokezi ya jengo jipya la kifahari, mahali pa makochi na kahawa. "Tuliambiwa ni ya muda tu," Sista alisema. "Huu ni mwezi wa nane." Humo ndani akina mama walikamua maziwa yao, na vikombe na mirija ya kulishia ilioshwa kwenye sinki moja dogo, kisha ikaanikwa kwenye taulo lililotandazwa kando ya sinki hilohilo. Kila kitu kilimwagwa humo: maziwa yaliyobaki, chai ya wauguzi, maji ya glukosi, matapishi. Bomba la maji lilimwaga moja kwa moja katikati ya tundu, na ukilifungua kwa nguvu matone yaliruka hadi kwenye taulo. Daktari aliagiza fundi. Ndivyo nilivyomjua Jaspal, mwenye duka la vifaa vya mabomba River Road, aliyekuja mwenyewe na ndoo na spana mbili, kilemba cha bluu, mikono bila glavu.

Alipiga magoti, akafungua kile kiwiko cha bomba kilichopinda chini ya sinki. Kilichoangukia ndooni hakikuwa maji wala tope. Kilikuwa kitu kimoja kizima, kirefu kama mkono wangu kuanzia kiwiko, cha kijivu kwa nje na waridi kwa ndani, chenye nywele na nyuzi za pamba, na kilipotua ndooni kilitetemeka. Harufu yake ilikuwa ya maziwa yaliyochacha na majani ya chai yaliyokaa miaka, na ndani yake mlikuwa na utamu, utamu uleule wa maabara yetu. Sista Agneta alijifunika pua kwa aproni. Daktari Ramila aliinama juu ya ndoo, macho yakiwaka. "Mzuri sana," alisema, kwa sauti ya mtu anayesifia sari. Jaspal alimtazama, kisha akanitazama mimi. "Hii imelala hapa miaka mingi," alisema. "Mama akifungua maji, inaruka juu. Hiyo vikombe yote inaoga na hii. Mimi nitasafisha, nitarudisha bomba. Lakini wiki moja tu, itamea tena. Hii sinki ni ya kutoa."

Bakteria wa kwenye ndoo walikuwa walewale wa kwenye damu. Niliwaotesha, nikawapima mara mbili, kwa kila jaribio tulilokuwa nalo, na mara zote majibu yalilingana na ya watoto watatu. Wawili kati ya watoto hao walikuwa wamepona. Mmoja alikuwa amekufa. Daktari aliandika ripoti ya kurasa mbili inayosema waziwazi: chanzo ni sinki, chumba kifungwe leo. Nilijivunia karatasi hiyo kana kwamba nimeizaa mimi. Tukaitwa hospitalini kuijadili.

Kikao kilikuwa kwenye jengo jipya, chumba chenye zulia jeupe na meza ya kioo. Mkurugenzi, mwanamume mpole mwenye mikono laini, alitukaribisha kwa chai ya maziwa na sambusa. Mimi nilikaa pembeni na daftari. Alisema hakuna anayekataa sayansi ya Daktari. Alisema tu kwamba wageni wakubwa wanakuja kufungua jengo baada ya wiki tatu, na kwamba ukifunga chumba cha maziwa sasa, kila mama ataanza kuuliza, na magazeti nayo. "Tutakifunga, kabisa. Baada ya sherehe. Lakini hili neno 'chanzo', Daktari, ni neno zito." Kisha akamuuliza habari za mahindi. Bodi inaupenda sana utafiti ule, alisema. Ingekuwa huzuni kama wangeanza kuufikiria upya. Nilimtazama Daktari nikingoja ainuke. Alichovya sambusa kwenye ukwaju, akaila polepole, akajifuta vidole kimoja baada ya kingine. "Naweza kulainisha lugha," alisema.

Mimi ndiye niliyeichapa upya. Daktari alisimama nyuma ya kiti changu akinisomea. Palipoandikwa kwamba bakteria wa sinki ni walewale wa kwenye damu, niliandika kwamba ni wa jamii inayopatikana kila mahali, ikiwemo kwenye udongo na maji. Palipoandikwa chumba kifungwe, niliandika usafi uimarishwe. Hakukuwa na sentensi hata moja ya uongo. Nimesoma mambo mengi machafu tangu hapo, lakini sijawahi kuona uchafu kama ule uliotoka kwenye printa ukiwa mweupe, wa moto, wenye pambizo sawasawa. "Ni wiki tatu tu, Nekesa," Daktari alisema. "Sista amejua. Atakuwa mwangalifu." Nikasema, "Sawa, Daktari." Nakumbuka nilisema hivyo, na nakumbuka niliongeza "asante".

Siku nne baadaye nilirudi wodini kuchukua sampuli za kawaida. Ndani ya chumba cha maziwa alikuwa mwanamke mmoja mwembamba, mshonaji kutoka River Road aliyeitwa Moraa, ambaye binti yake alizaliwa akiwa na miezi saba. Alikuwa akikiosha kikombe chake kwa bidii ya kutisha, kwa sabuni, ndani na nje, mara ya pili, mara ya tatu. Aliona koti langu jeupe.

"Sasa dada. Wewe ni wa maabara, ama?"

"Ndiyo, mama."

"Nimesikia mama mmoja akisema kuna kitu inashika watoto hapa. Hii maji iko sawa?"

Sista Agneta alikuwa mlangoni. Aliinamisha uso. Sinki lilikuwa hatua moja kutoka kwangu, na tundu lake lilikuwa limeanza kunuka tena, kidogo tu, kiasi ambacho mtu asiyejua angedhani ni maziwa.

"Iko sawa," nikasema.

"Asante," akasema Moraa, akalifungua bomba kwa nguvu ili asuuze vizuri.

Mtoto wake aliugua siku ya tatu. Damu yake niliipokea mimi. Enterobacter ana tabia moja inayonichukiza kuliko ute wake wote: mara nyingine hukubali dawa mwanzoni. Homa hushuka, mtoto hunyonya, mama hucheka, kumbe wale wachache walio na kinga ndio wanaobaki na kuzaana, huku dawa ileile ikiendelea kumiminwa bila kufanya kitu. Ndivyo ilivyokuwa. Siku mbili Sista alinipigia simu kwa furaha. Siku ya tano sauti yake ilikuwa imebadilika. Siku ya nane hakupiga. Nilimpigia mimi, akaniambia mtoto amekwenda alfajiri, na kwamba mama yake alikuwa bado anakamua maziwa, hataki kuacha, anasema kikombe ni kisafi.

Sikwenda kwa Daktari. Nilikwenda River Road, nikapenya kati ya mikokoteni na marundo ya mabati mpaka dukani kwa Jaspal, nikamkuta akinywa chai kati ya mabomba yaliyosimamishwa kama mianzi.

"Ile sinki," nikasema, "haijatolewa."

"Najua. Hakuna mtu ameniita."

"Mtoto mwingine amekufa."

Aliweka kikombe chini. "Daktari amesema nitoe?"

"Hapana."

"Mkurugenzi?"

"Hapana."

"Sasa nani anasema?"

"Mimi."

Alinitazama usoni. Kisha akachukua sanduku la vifaa na mfuko mdogo wa saruji. Saa nne asubuhi tulikuwa kwenye geti la hospitali na barua niliyoichapa mwenyewe kabla ya kutoka maabara, yenye kichwa na muhuri wa maabara, inayosema kazi ya dharura ya mabomba. Hakuna aliyetuuliza chochote. Jaspal alifunga maji, akalegeza nati, akaling'oa sinki ukutani kwa mtikisiko mmoja, vigae vikafuata. Nyuma yake ukuta ulikuwa umeloa, umefunikwa ute mweusi uliomeremeta. Nilikimbilia korido nikatapika ndani ya glavu yangu. Niliporudi alikuwa ameshaziba bomba kwa saruji, na Sista Agneta alikuwa akifunga mlango kwa ufunguo. "Mimi sijaona mtu," alisema. Ufunguo akautia sidiriani. Kuanzia siku hiyo vikombe vilichemshwa kwenye sufuria ofisini kwake, na damu ya mtoto mwenye Enterobacter haikuletwa tena.

Nilingoja kufukuzwa. Badala yake Daktari alimwambia mkurugenzi kwamba amri ilikuwa yake, na kwa wiki kadhaa niliamini kwamba ameniokoa. Mwishoni mwa mwaka nikajua alichokuwa akifanya. Alikuwa akiandika. Alisoma utafiti wake mbele ya madaktari kwenye hoteli moja katikati ya mji, na mimi nilibonyeza mashine ya kuonyesha picha ukutani: sahani za waridi, kiwiko cha bomba, ule ute ndooni ukiwa mkubwa kuliko mtu. Sentensi moja ilisema kwamba mara tu chanzo kilipotambuliwa, sinki liliondolewa. Mara tu! Wiki zile zote hazikuwepo. Hospitali ilishukuriwa kwa ushirikiano. Mimi nilishukuriwa kwa msaada wa kiufundi. Watu walisimama kupiga makofi, na mkurugenzi alikuwa mstari wa mbele, akipiga makofi kwa ile mikono yake laini. Nilisikia daktari mmoja nyuma yangu akimwambia mwenzake, "Kazi safi sana hii."

Siku iliyofuata, Ijumaa, nilimkuta Daktari akipogoa waridi, nikamwambia ninakwenda kumweleza yule mama. Hakujifanya kutojua ni mama yupi. "Ile sinki imetoka," alisema. "Hakuna mtoto ameshikwa tena. Hii utafiti itasaidia hospitali mia. Wewe unataka nini zaidi?" Nikasema sijui. "Utanichafua," akasema, na kwa mara ya kwanza niliona anaogopa. "Utajichafua na wewe pia. Ukienda, Nekesa, usirudi." Niliziweka funguo kwenye ukingo wa chungu cha maua. Zilikuwa na harufu, na mikono yangu ilikuwa na harufu, na nilitembea hadi Kileleshwa kwa miguu ili nisikae karibu na mtu.

Moraa alishona sare za shule kwenye ghorofa ya pili, River Road, akiwa na washonaji wengine watano. Alinikumbuka. Nilimweleza nikiwa nimesimama, mashine zikivuma, na moja baada ya nyingine mashine zikanyamaza. Nilipomaliza aliniuliza swali moja tu.

"Siku ile uliniambia iko sawa. Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Nilidhani atanipiga, na ningeshukuru. Aliweka chini kipande cha kitambaa cha kijani, akafungua daftari lake la vipimo kwenye ukurasa mtupu, akanisogezea pamoja na kalamu. "Andika," alisema. "Andika hiyo yote. Weka jina yako." Niliandika kurasa tatu. Sikulainisha neno. Alizisoma palepale, midomo ikicheza, akazikunja. "Jumatatu tutaenda. Wewe utasimama hapo nikuone."

Jumatatu saa tatu tuliingia kwenye mapokezi ya jengo jipya. Makochi yalikuwa yamejaa wanawake wenye mimba na waume zao, mashine ya kahawa inafuka, maua mezani. Moraa alisimama katikati ya zulia, akazikunjua zile karatasi, akaanza kusoma kwa sauti. Sauti yake haikuwa kubwa. Alisoma kuhusu stoo ya mafagio, taulo, ndoo. Alisoma kuhusu sambusa. Mwanamume mmoja aliweka kikombe chake cha kahawa chini bila kukimaliza. Askari wawili walikuja haraka, na mmoja wao, alipofika karibu akasikia kinachosomwa, akasimama. Mimi nilikuwa nguzoni, nikiangaliwa na kila mtu Moraa alipofika kwenye jina langu na yale maneno mawili niliyomwambia. Sijawahi kujichukia hivyo, na sijawahi kusimama wima hivyo. Nyuma ya kaunta msichana wa mapokezi alikuwa ameshika simu sikioni.

Mahali fulani kwenye ukurasa wa tatu Moraa akasita. Nilikuwa nimeandika "mtoto wa Moraa", kama ilivyokuwa kwenye kibandiko cha kitanda na cha chupa ya damu, kwa sababu sikuwahi kuuliza zaidi. Aliyatazama maneno hayo. Kisha akaenda hadi kaunta, akaiweka karatasi mbele ya yule msichana.

"Hapa wamekosea," alisema. "Anaitwa Nyaboke. Andika."

Msichana aliweka simu chini, akachukua kalamu, akaandika.